Mtu Huvuka, Habari Zake Hubaki Mpakani



Mji wa Tabora ulikuzwa na wapita njia. Kabla Wajerumani hawajafikisha reli hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, misafara ilitoka Bagamoyo ikapumzika Unyanyembe, ndipo ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji, mingine ikashika njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Njia hiyo haikuwa ya heri. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watumwa, na uzuri wa miembe ya Tabora usimfanye mtu asahau hayo. Hata hivyo ilikuwa na tabia moja inayofaa kufikiriwa leo. Mwuaji aliyetoroka Ujiji alikwenda kwa miguu, na habari zake nazo zilikwenda kwa miguu katika njia ileile, zikimfuata nyuma kwa siku mbili tatu. Siku hizi mtu huyo hupanda basi Kigoma alfajiri, na kabla jua halijatua yumo mjini Tabora. Habari zake zingali katika jalada, katika nchi aliyotoka, zikingoja mtu wa kuziuliza.

Kisa kinachoonyesha waziwazi hasara ya jambo hili hakikutokea Afrika Mashariki. Kilitokea London, katika mji ambao polisi wake hawana upungufu wa magari wala wa mashine, na kwa sababu hiyo hiyo kinafaa kusimuliwa Tabora, ambako makosa mengi huelezwa kwa neno moja tu: umaskini.

Tarehe 28 Agosti 2014 mwanafunzi wa kike mwenye umri wa miaka 14 alitoka nyumbani kwao magharibi ya London kwenda kutembea kando ya mfereji, asirudi. Mwili wake ulipatikana mtoni mwishoni mwa Septemba. Mtu aliyeshukiwa, Arnis Zalkalns, raia wa Latvia aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi, alikutwa amejinyonga katika bustani moja ya mji huo, kwa hiyo hakuna mahakama iliyopata kumhukumu kwa kosa hilo. Lakini mahakama ya Latvia ilikwishamtia hatiani mwaka 1998 kwa kumwua mkewe. Alitumikia kifungo, akatoka, na mwaka 2007 akaingia Uingereza kwa haki ile ile ya raia yeyote wa Jumuiya ya Ulaya, bila wakuu wa nchi ile kujua historia yake. Kuingia huko ni jambo moja. Zito zaidi ni kwamba mwaka 2009 polisi wa London walimkamata kwa tuhuma ya kumshambulia kwa aibu msichana mwingine wa miaka 14, wakawa naye mikononi, kisha wakamwachia bila mashtaka. Hakuna aliyeiuliza Latvia: je, mtu huyu mnamfahamu?

Haiwezi kusemwa kwa yakini kwamba swali hilo lingeokoa maisha ya mtoto yule. Linaloweza kusemwa ni kwamba halikuulizwa, na kwamba kuliuliza hakukuhitaji fedha.

Wako watakaojibu kwamba Polisi wa Kimataifa, yaani Interpol, wapo kwa kazi hiyo. Jibu hilo lina kosa ambalo hata watumishi wenye elimu hulifanya. Tangazo jekundu la Interpol, ambalo magazeti hulitaja mara kwa mara, ni la mtu anayetafutwa. Zalkalns hakuwa akitafutwa na mtu yeyote. Alikuwa amemaliza kifungo chake. Liko tangazo jingine, la kijani, la kuonya juu ya mtu ambaye uhalifu wake unaweza kuhatarisha raia wa nchi nyingine, lakini halitoki lenyewe; lazima nchi iliyomhukumu iliombe. Nchi za Ulaya zilipoona pengo hilo ziliunganisha kwa mitambo madaftari yao ya watu waliotiwa hatiani, na mfumo huo ukaanza kazi Aprili 2012. Kila nchi ilibaki na daftari lake, ila ikaweza kuuliza nyingine. Hata hapo mfumo ulibaki kama simu iliyo mezani: haijibu asiyeinua mkono.

Sasa na itazamwe njia ya magharibi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikawapa raia wa nchi wanachama haki ya kwenda na kurudi bila viza. Burundi na Rwanda zilikuwa zimejiunga mwaka 2007. Kongo ikafuata mwaka 2022. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Hayo yote ni mema, na aliyezaliwa katika njia ya misafara hana haki ya kuchukia wasafiri. Itifaki yenyewe inairuhusu nchi kumzuia mtu kwa sababu za usalama wa umma. Lakini nchi itamzuia vipi mtu isiyemjua? Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao tangu mwaka 1998, EAPCCO, na ofisi ya Interpol ya Nairobi ndiyo sekretarieti yake. Vikao vipo na mikataba ipo. Kinachokosekana ni kazi ya kila siku: afisa wa wilaya aliyemkamata mgeni kwa kosa dogo kuona kwamba kuuliza kwao Bujumbura au Kinshasa ni sehemu ya upelelezi, na wala si hisani ya Makao Makuu.

Njia hii imekwisha kuonyesha gharama yake. Mwezi Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Wengi walikuwa watu wa kawaida wenye njaa na hofu. Miongoni mwa waliokimbilia Tanzania alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa Serikali wa tarafa ya Rusumo, ambaye baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya parokia ya Nyarubuye. Alikamatwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma Juni 2001, miaka saba baadaye. Hukumu ya kifungo cha miaka 30 ilitolewa mwaka 2004, na rufani ikaigeuza kuwa ya maisha mwaka 2006. Yafaa ieleweke ni nani waliolala jirani na mtu kama huyo kwa miaka hiyo. Walikuwa wakimbizi. Pasipo daftari la kuaminika, mwenye hatia hujificha nyuma ya wasio na hatia, nao ndio hutazamwa kwa jicho baya sokoni na stendi. Warundi wa Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakalima tumbaku na mahindi, na wengi wao wakapewa uraia mwaka 2014, hawastahili kuulizwa kila siku wametoka wapi. Wanaopiga kelele dhidi ya wageni wote hawamlindi mtoto yeyote. Wanamsaidia mwuaji kupotea katika kundi.

Jina nalo halitoshi. Kirundi huandikwa na karani wa Kiswahili kwa namna tatu, na anayetaka hujiita Juma akishapita Kaliua. Alama za vidole hazibadiliki mpakani. Kwa hiyo ni alama zinazopaswa kusafiri. Na zisafiri kwa mpango: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa ili jalada la mtu aliyekwisha tumikia adhabu yake ligeuzwe hadithi ya kijiweni.

Ndugu walimu wanajua jambo hili linawagusa wapi. Wanafunzi wa sekondari za kata wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba mitaani, mara nyingi wasichana wawili watatu katika chumba chenye kufuli la shilingi chache. Wenye nyumba, walinzi, na madereva wa bodaboda wanaowapeleka shule huaminiwa kwa sura. Shule inayoajiri mlinzi wa bweni, ikiwa na bidii, humwagiza alete hati ya polisi ya tabia njema. Hati hiyo hupatikana kwa alama za vidole, na ni chombo kizuri. Lakini husema tu yale yaliyomo katika madaftari ya Tanzania. Mtu aliyeishi miaka kumi Uvira na mitano Tabora huletewa karatasi safi ya miaka mitano, na mkuu wa shule huifunga katika faili kana kwamba ni ya miaka kumi na mitano. Fomu ya maombi ya kazi ina mstari wa dini, wa kabila hata pale ambapo haifai, na wa jina la mjumbe. Mstari wa kuuliza mwombaji ameishi nchi zipi, na tangu mwaka gani, haumo.