Picha za Rwanda 1994: Nani Alionekana, Nani Hakuonekana



Ukimtajia mtu wa ughaibuni Rwanda ya 1994, mara nyingi kinachomjia ni umati: watu maelfu kwa maelfu wakivuka mpaka kuingia Goma, Zaire ya wakati huo, magodoro na sufuria vichwani, kisha maiti zilizoviringishwa mikeka kando ya barabara. Picha hizo si za uongo. Ila zilipigwa Julai, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yanakaribia mwisho au yamekwisha. Waliokuwa wakifa kwa kipindupindu Goma walikuwa hasa wakimbizi wa Kihutu, na kati yao walijichanganya wanamgambo wa Interahamwe na askari wa serikali iliyoshindwa. Watazamaji wengi hawakujua tofauti hiyo. Mtoto wa mkimbizi hakumuua mtu, na huruma aliistahili. Lakini muuaji naye alipita humo humo katika fremu, akahesabiwa mhanga.

Aprili, panga zilipokuwa kazini, kamera zilikuwa chache. Waandishi wengi wa kimataifa walikuwa Afrika Kusini wakisubiri uchaguzi wa tarehe 27. Tarehe 21 Baraza la Usalama lilikuwa limeamua kukipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda hadi watu 270. Mpigapicha wa filamu Mwingereza, Nick Hughes, alirekodi kutoka juu ya shule ya Wafaransa Kigali wanawake wakiuawa barabarani, ng'ambo ya bonde. Ni miongoni mwa rekodi chache mno za tendo lenyewe. Kwingine ushahidi uliletwa na maji: miili ilishuka na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kasensero, Uganda, wakaiona bila kuhitaji gazeti.

Sasa tazameni picha ya James Nachtwey iliyoshinda tuzo ya World Press Photo: mwanamume mwenye makovu ya panga usoni. Wengi humdhani Mtutsi. Alikuwa Mhutu, aliyekatwa na Interahamwe kwa kushukiwa kuwaunga mkono waasi wa Kitutsi. Ukiyaondoa maelezo yake, umemwondolea mtu huyu kisa kilichokaribia kumuua, ukabaki na kovu tu. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko picha kukosa ubora.

Jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali, lililofunguliwa 2004, limechukua njia nyingine. Pana chumba kilichoning'inizwa picha walizotoa manusura: harusi, kipaimara, kijana amesimama wima studio na suti ya kuazima, pengine. Hakuna damu. Hizi hazikupigwa na mwandishi wa vita, lakini ndizo zinazomrudishia marehemu sura aliyokuwa nayo kwa watu wake, si ile aliyoachiwa na muuaji. Picha za maiti zinathibitisha kuwa uhalifu ulitendeka. Tunazihitaji, hasa mbele ya wanaokana. Haziwezi kutuambia nani alipotea.

Kwa hiyo nawaomba wahariri waliomo ukumbini: kila Aprili mnapofungua maktaba ya picha, msichapishe ya Goma juu ya habari ya mauaji ya kimbari. Andikeni mwezi, mahali, na waliomo ni akina nani. Kama hamna maelezo hayo, iacheni picha hiyo.