Panya Akifa Ndani, Usimguse

Leo tuongee kidogo juu ya tauni. Najua kuna atakayesema, "Aa, si ugonjwa wa zamani huo?" Hapana, rafiki yangu. Kule Lushoto, mkoani Tanga, tauni ilizuka mwaka 1980, ikawa inarudi-rudi kwa zaidi ya miaka 20. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 walikufa. Mwaka 2017 ikatikisa Madagaska, hata mijini.

Tauni inatoka wapi? Siyo uchawi, wala laana. Ni kijidudu kinachokaa kwenye panya na viroboto wake. Panya akifa, mwili unapoa, kiroboto anakosa damu. Atakwenda wapi? Kwako wewe uliyelala chini pale! Ndiyo maana panya wengi wakifa ovyo ndani bila kutegwa, hiyo ni hatari. Usishangilie. Usimshike panya kwa mkono wala usimrushie paka, maana paka naye huambukizwa. Mwite bwana afya au mjumbe haraka.

Sasa ujikinge vipi? Mahindi yasilundikwe chumba mnacholala. Mabaki ya chakula yafunikwe, na takataka zifukiwe mbali na nyumba. Lala kitandani kama kipo. Na jambo moja wengi hulikosea: tauni ikiingia kijijini, msikimbilie kuua panya kwanza. Viroboto ndio wauawe kwanza kwa dawa, panya baadaye. Mkianza na panya, viroboto wote watahamia kwenu.

Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma, na mtoki unaouma sana kwenye kinena, kwapa au shingo. Huanza kati ya siku 1 na 7 baada ya kuambukizwa. Ikiingia kwenye mapafu, mgonjwa hukohoa, pengine hata damu, na hapo humwambukiza aliye karibu kwa hewa. Tauni ya mapafu isipotibiwa mapema, ni nadra mtu kupona.

Tuseme sasa ni kaka yako. Mmelala chumba kimoja, leo anakohoa damu. Mama anasema tumfiche, majirani watatutenga. Wewe ufanye nini? Mwambie mama kwa heshima, lakini usikubali afichwe. Tauni inatibika, ila dawa haingoji. Kaka afunikwe mdomo na pua kwa kitambaa, anayemhudumia naye ajifunike, kisha apelekwe zahanati leo hii, siyo kesho.

Na wewe je, uliyelala naye? Unajiona mzima, unacheza mpira. Hata hivyo, jitaje kwa mganga wa zahanati. Watu waliokaa karibu na mgonjwa wa namna hiyo hupewa dawa ya kinga, kwa kawaida siku 7. Meza zote. Usiache siku ya tatu eti huumwi, wala usimgawie rafiki vidonge vyako. Ukipata homa katika siku hizo, rudi zahanati mara moja.

Akifariki mtu kwa tauni, msimwoshe wenyewe nyumbani. Waiteni watu wa afya wawaongoze, ili msiba mmoja usizae mwingine.

Basi, leo ukirudi nyumbani, angalia unapolala. Mahindi yako wapi? Anza na hapo.