Mgeni wa Njiani, Jirani wa Kijijini



Sisi watu wa Tabora tumerithi mji uliokuzwa na wasafiri. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, na huko wao ndio walikuwa wageni. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walifanya makazi hapa, na wajukuu wao ni wenyeji. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Mali, aliuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga huko Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Basi tukisema mgeni huleta mzigo tu, historia yetu wenyewe yatusuta.

1. Ukarimu wetu

Mwaka 1972 mauaji makubwa yaliwakimbiza Waburundi wengi, hasa Wahutu. Serikali yetu iliwapokea, ikawapa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na baadaye Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi. Sifa hiyo ilikuwa ya haki.

2. Ukarimu bila haki

Hata hivyo, mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Aliyekwenda mjini kuuza mazao yake bila karatasi hiyo aliweza kukamatwa. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu, asiyepata kuiona Burundi, aliendelea kuitwa mkimbizi.

Mwaka 2007 Serikali iliamua kuwapa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Takribani wanne kati ya kila watano walichagua uraia, na kufikia mwaka 2010 maombi zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Lakini walitakiwa kwanza kuukana uraia wa Burundi, tena kuhama makazi waliyoyajenga na kutawanywa katika mikoa mingine. Vyeti vikazuiliwa. Sharti la kuhama liliondolewa baadaye, na ugawaji wa vyeti ukaanza mwishoni mwa mwaka 2014. Kwa miaka hiyo minne walikuwa wameacha uraia mmoja bila kushika hati ya mwingine. Mtu asiyejua atahamishwa lini hapandi mwembe.

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi humo kwa miongo mingi. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini kila anayeshukiwa anastahili kusikilizwa yeye binafsi, kwa maana lafudhi na jina la ukoo si ushahidi. Kosa hili si letu peke yetu: katika miaka ya 1930 Marekani iliwarudisha Meksiko watu wengi wenye asili ya huko, na kati yao walikuwamo raia waliozaliwa Marekani.

3. Wajibu wetu

Torati iliwaagiza Waisraeli wampende mgeni kwa kuwa wao nao walikuwa wageni Misri. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, alifundisha kwamba kuhama ni haki ya binadamu. Kwa hiyo tusimwite raia mwenye cheti "mkimbizi", wala tusimnyime nafasi katika kamati ya shule au baraza la kijiji. Jirani akikamatwa, tumsindikize, tuulize ameshtakiwa kwa kosa gani, wala tusimshauri atoe kitu kidogo ili aachiwe. Rushwa humtoa mmoja leo, na kesho huwaletea wote usumbufu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu ni nani bado huitwa mgeni, na kwa sababu gani?
2. Mwenyeji na mhamiaji wakigombea shamba, je, husikilizwa sawasawa?
3. Jumuiya yetu itafanya nini mwezi huu?