Mbung'o waliopanda ndege

Mionzi ikitajwa kwenye taarifa ya habari, wengi wetu huwaza bomu au saratani. Tanga ina habari nyingine. Miaka ya 1990, kituo cha utafiti hapa Tanga kilifuga mbung'o, kikawapiga madume miale ya gama wawe tasa, kisha wakapandishwa ndege na kumwagwa Unguja. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akiangukia dume tasa, kizazi kimekatika. Ng'ombe ndio walikuwa kipimo: damu yao ilichunguzwa kama ina vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Kufikia 1997, Unguja haikuwa na mbung'o tena. Lakini Unguja imezungukwa na bahari, tusisahau; mbung'o hawarudi huko kirahisi. Huku bara, ranchi ya Mkwaja, Pangani, ilihangaika na nagana kwa miongo. Leo ni sehemu ya Hifadhi ya Saadani.