Mpini wa Panga: Mpira au Mti?

Mazungumzo na kikundi cha wakulima, siku ya mafunzo ya vifaa vya shamba



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Tunataka tushike panga, tena si upande wa makali bali ule upande tunaoushika kila siku bila kuuangalia. Mtu akienda dukani hujaribu makali kwa kidole, akalipa, akaenda zake. Mpini hauulizi kitu. Na huku panga likichomoka mkononi laweza kumfikia mtoto anayeokota kuni nyuma yako, na jeraha lenye udongo huleta pepopunda.

Kwanza tuelewane. Mipini mingi myeusi inayoitwa ya mpira siyo mpira, ni plastiki ngumu. Bonyeza kwa ukucha: mpira hukubali kidogo kisha hurudi, plastiki haikubali. Nayo ikilowa huteleza kama samaki.

Mpira wenyewe una sifa zake. Hauvimbi kwa mvua, unashika hata mkono ukiwa na jasho, na unapunguza kile kishindo kinachopanda hadi kwenye kiwiko. Kwa hivyo anayekata majani ya ng'ombe alfajiri yakiwa na umande, hatutamkataza. Anayechinja pia, heri mpini usionyonya damu, kwa maana mti huinywa na kuusafisha ni shida. Lakini jua huukausha mpira ukapasuka, na dizeli huulainisha ukaanza kunata. Ukiachwa karibu na jiko, basi. Tena ukiharibika hautengenezeki.

Kwa kazi za kawaida za shamba sisi tunapenda mti, tuseme wazi. Ukivunjika leo, na kama una kipande kikavu nyumbani, kesho jioni panga linafanya kazi. Mpera ulio nyuma ya nyumba watosha. Mutamaiyu, ule mzeituni wa porini, ni mgumu zaidi. Wazee walipenda muiri kwa mipini ya shoka na jembe, ila mti huo umekatwa sana kwa ajili ya magome yanayotengenezewa dawa ng'ambo, hata tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Huo uacheni ukue.

Kinachoharibu mpini wa mti ni haraka. Mti mbichi ukipigiliwa leo hukaukia pale pale kwenye chuma, unasinyaa, misumari inabaki ikicheza. Pasua kipande kwa shoka badala ya msumeno, ili nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, kisha kiweke kivulini miezi kadhaa. Sio juani, jua litakipasua.

Na ile desturi ya kuloweka panga kwenye ndoo usiku ili mpini ukaze? Asubuhi unakaza, ni kweli. Lakini mti uliovimba umejibana kwenye chuma mpaka nyuzi zake zikasagika, na ukikauka unalegea kuliko jana. Chuma nacho kinashika kutu ndani, pale usipoona. Afadhali ugonge misumari upya juu ya chuma kizito, au fundi wa jua kali akutilie mingine.

Vanishi inayong'aa ikwangueni kwa msasa, maana inateleza na kuleta malengelenge. Pakeni mafuta ya kitani mara mbili tatu, mkifuta yanayobaki. Mafuta machafu ya gari hapana, jamani! Yanaingia kwenye ngozi, na yana vitu vinavyoweza kuleta saratani.

Mama mmoja alituuliza, je, kuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli? Inasaidia mkono usiteleze. Lakini usifunge juu ya ufa ukadhani umetengeneza. Na panga likinyeshewa, fungua, kausha, uangalie chini yake kabla ya kufunga tena.

Sasa kila mtu ashike panga alilokuja nalo, makali yaelekee chini, alitikise. Likilia, au ukucha ukipita kati ya mti na chuma, panga hilo lisirudi shambani leo. Nyundo ziko pale chini ya mwembe.