Paa Shambani: Sheria, Usalama na Ujirani Mwema

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi kwa wakazi wa Kisinga, Wilaya ya Kasese



Tumejenga na kulima kati ya hifadhi mbili. Juu yetu ipo Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Bondeni ipo Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Si ajabu basi paa na pongo kuonekana katika mashamba yetu, wakila machipukizi ya maharagwe. Mkulima aliyepalilia kwa jasho lake ana haki ya kusikitika. Hata hivyo, kumnyemelea mnyama huyo usiku kwa mbwa, mkuki na mitego ya waya ni njia inayoongeza hasara badala ya kuipunguza.

Kwanza, sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyama wa porini ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Serikali, hata akiwa ndani ya shamba lako. Kumwinda bila kibali ni kosa, na anayenunua nyama yake naye hana pa kujificha.

Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Waya uliotegewa paa hauchagui: hunasa mbuzi wa jirani, mtoto aliyetumwa kuni, au simba. Mnamjua simba Jacob wa Hifadhi ya Malkia Elizabeth, aliyepoteza mguu mwaka 2020 kwa mtego wa majangili. Aliyetega kwa ajili ya kitoweo cha siku moja anaweza kujikuta akijibu shtaka la mnyama aliye hatarini kutoweka, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha.

Pili, uhai wenu. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi walipovamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Ndiyo maana wanajeshi na polisi hufanya doria usiku katika ukanda huu wa mpaka. Sasa fikirini: watu watatu wanatambaa kimya kando ya shamba, wamezima kurunzi, wana mikuki na mapanga. Askari aliye gizani haoni nia ya mtu. Huona kivuli na silaha. Jirani aliyeamshwa na mbwa naye atapiga yowe, na wanakijiji watatoka na vyao mikononi. Hakuna shina la maharagwe lenye thamani ya maafa kama hayo.

Tatu, afya. Mwaka 2010 viboko wengi katika hifadhi hii walikufa kwa kimeta, ugonjwa unaompata pia binadamu. Mnyama mliyemkuta amekufa msimguse wala msimchune; toeni taarifa.

Tufanye nini, basi? Mkiona wanyama shambani, mjulisheni mwenyekiti wa LC1 na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, walio karibu nanyi. Zungusheni ua wa miiba katika mashamba ya pembezoni. Mkilazimika kulinda mazao usiku, lindeni kwa kikundi, majina yenu yakiwa kwa mwenyekiti na kituo cha polisi. Washeni taa, pigeni madebe, semeni kwa sauti: mlinzi wa shamba hana sababu ya kujificha. Mkikuta mtego, onyesheni ulipo. Kwa dharura, pigeni 999.

Mnazo haki pia. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa serikali za mitaa zinazopakana nazo; waulizeni viongozi wenu fedha hizo zimefanya nini. Sheria hiyohiyo imeweka mfuko wa fidia kwa madhara ya wanyama waliotajwa ndani yake, kama vile tembo. Hasara ikitokea, iandikisheni mapema, kabla dalili hazijafutika.

Polisi hatutaki kukutana nanyi mahakamani wala mochari. Tunataka kukutana nanyi katika mikutano kama huu.

Kwa ajili ya Mungu na nchi yangu.