Sarafu za Visiwani na Majina Yaliyobaki

Kwa wakusanyaji, sarafu yenye thamani kubwa aghalabu ni ile iliyopita katika mikono michache. Sarafu ya majaribio ndiyo kilele cha mantiki hiyo: hugongwa vipande vichache ili mchoro utazamwe kabla ya kuidhinishwa, na mara nyingi haifiki sokoni kamwe. Visiwa vidogo vina sarafu nyingine zilizo jirani na hizo. Mwaka 1929 Martin Coles Harman, mmiliki wa Lundy, kisiwa cha Uingereza, aligongesha sarafu zake na kuziita kwa jina la ndege wa kisiwani, puffin. Mahakama ilimtoza faini. Sarafu zikaishia kwa wakusanyaji.

Mwanaisimu hupima kinyume. Mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa sarafu za dhahabu, za fedha na za shaba. Ya dhahabu ya riyali 5 ni adimu mno. Ya shaba, yenye picha ya mizani, hata mkusanyaji anayeanza huweza kuipata. Lakini hiyo ya shaba ndiyo pesa. Neno lilitoka India, nalo lilikwisha kusikika pwani pamoja na shaba za Kihindi kabla ya Barghash. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo ilianza kugonga pesa, 64 kwa rupia moja. Mtunzi wa kamusi anayeandika kwamba asili ni Kihindi hakosei, ila anaacha nusu ya habari, nayo ndiyo nusu tamu.

Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha pesa wakaleta heller, 100 kwa rupia. Kiswahili kikapata hela. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: rupia na riyali, zilizokuwa kubwa, zilibaki majina ya sarafu mahususi, ilhali vijisarafu viwili vya shaba vilipanda vikawa majina ya fedha zote. Kilichohesabiwa kila siku gengeni ndicho kilichotamkwa.

Zanzibar ilijaribu tena mwaka 1908, enzi ya Sultani Ali bin Hamud, kwa sarafu za senti 1, 10 na 20. Wakusanyaji huzigombania. Neno senti halikuzihitaji, kwani senti za bara zilikwisha kugongwa miaka michache kabla.